Nilienda ustawi wa jamii kudai siku, sio hela (rivyu yangu)

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka asihangaike. Huduma yenyewe naipa nne kati ya tano, mazingira ya ofisi naipa moja na nusu, na hiyo nusu ni ya yule mama wa mapokezi peke yake. Nazungumzia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri moja hapa Dar, ipi sisemi, maana maafisa wenyewe wanahamishwa kila leo na sitaki mtu aende kumuulizia mtu kwa jina, ila kwa jamaa zangu nilioongea nao wa manispaa nyingine na mmoja wa Moro utaratibu haupishani sana.

Hali yangu kwa kifupi. Mimi na mzazi mwenzangu tumeachana, tuna binti wa miaka minne, anakaa na mama yake ambako ni kwa bibi yake mzaa mama, mimi matumizi natuma kila mwezi na meseji za muamala ninazo zote. Kwa hiyo hela haikuwa ugomvi. Ugomvi ulikuwa kumuona mtoto, yani kumuona kwangu kulitegemea pale nyumbani wameamkaje siku hiyo. Jumamosi hii unaambiwa njoo, Jumamosi inayofuata mtoto ana mafua, nyingine unashuka kwenye daladala na mfuko wako wa matunda na juisi unaambiwa getini wameenda Kibaha kwenye shughuli, kwani hukupigiwa? Hukupigiwa. Ukilalamika unaonekana una gubu, ukinyamaza mtoto anakusahau.

Kabla ya ustawi nilipita njia ambayo wengi wetu tunapita, kikao cha wazee. Sikidharau kikao cha wazee, kina kazi yake, ila chetu kilikaa tangu asubuhi, wali ukaliwa, kila mtu akatoa nasaha, mjomba mmoja akatukumbusha ndoa ya babu yetu ilivyodumu, tukaagana vizuri tu tukishikana mikono, na hakuna hata mtu mmoja aliyesema Jumamosi ni saa ngapi. Wakili nilimuulizia pia, bei aliyotaja kwa kuandika madai tu ilitosha ada ya chekechea, nikashukuru nikaondoka.

Sasa ustawi. Kwanza ni bure, kufungua faili hulipii, wito hulipii, kikao hulipii, akitokea mtu anakudai hela ya faili huyo anakupiga. Hela utakayotumia ni nauli na kopi. Pili, ondoa kichwani hii imani ya mtaani kwamba ustawi ni ofisi ya kina mama kwenda kuwakamatisha wanaume. Mwenyewe nilifika asubuhi nikakuta benchi zima ni kina mama na watoto mapajani, wanaume walikuwepo wachache wamejibanza upande wa dirishani kila mmoja na barua yake ya wito kaikunja mara nne, na dada mmoja niliyekaa naye akanitazama kwa huruma akaniuliza, "Na wewe kaka umeitwa lini?" Nikamwambia sijaitwa, mimi ndo nimekuja kuita. Alicheka mpaka mtoto wake akaamka. Ila hata afisa aliponiita ndani, swali lake la kwanza lilikuwa barua yako iko wapi, akijua nimeletwa. Hapo napunguza kidogo. Baba anayekuja kwa miguu yake hawajamzoea na inaonekana, ingawa akishaelewa umekuja kufanya nini mambo yanabadilika haraka, na nikiri aliniandikia maelezo yangu vizuri bila kunikatiza.

Mnaoanza, anzieni kwa afisa ustawi wa kata kama kata yenu anaye, ukienda moja kwa moja halmashauri mara nyingi unarudishwa. Mimi kata yangu haikuwa na afisa kipindi kile, mtendaji akaniandikia kikaratasi nikapokelewa juu. Beba kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho chako cha NIDA au cha mpiga kura, cheti cha ndoa kama mlifunga, halafu jambo ambalo watu wanalisahau, uwe unajua mwenzio anakaa mtaa gani na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni nani, maana wito unapitia huko. Cheti cha kuzaliwa kwa sisi akina baba ambao hatukufunga ndoa ndio ngao. Kama jina lako limo kwenye rejista ya vizazi huo ni mojawapo wa ushahidi sheria inaoutambua kuwa wewe ni mzazi. Kama halimo na mwenzio anakukana, huko ndo mnaweza kufika kwenye DNA, na DNA nayo sio unajibebea mate yako unaenda kwa Mkemia Mkuu unasema nipimeni, lazima uombewe na mamlaka kama mahakama au ustawi wenyewe.

Barua ya wito. Hapa wengi wanaharibu. Wanapewa barua wanaibeba wenyewe mpaka kwa wakwe, wanaitoa mfukoni mbele ya majirani, basi hapo ni vita hata kabla ya kikao. Afisa wetu aliniambia niiache ipite kwa mwenyekiti, na jioni ile ile nimpigie mzazi mwenzangu nimwambie barua inakuja, inahusu ratiba ya mtoto, sio kesi. Nilimpigia. Alinuna, ila alikuja. Barua yenyewe ilikuwa mistari michache, inasema anaitwa kwa mazungumzo kuhusu malezi ya mtoto, tarehe na saa, basi. Wala hakuna neno mshtakiwa.

Kikao chenyewe ndicho kilichonifanya nitoe hizo nyota nne.

Tulikuwa watano: mimi, mama mtoto, shangazi yake mama mtoto aliyekuja kama msindikizaji na akageuka kuwa wakili, afisa, na kijana wa mafunzo kwa vitendo anayeandika. Afisa ni dada wa makamo, sauti ya chini, anamwita kila mtu baba na mama, hata shangazi kamwamkia shikamoo kwanza ndipo akamwomba asikilize kidogo. Mimi nilijiandaa kueleza nilivyoteswa getini. Hakuniuliza hilo. Alituuliza mtoto anaamka saa ngapi, anakunywa chai na nini, analala na nani, ana dawa gani, anaogopa nini. Kisha akauliza, "Mtoto akishtuka usiku analia, anamwita nani?" Kimya. Halafu tukajibu kwa pamoja, mimi na mwenzangu, kama tumefundishwa: bibi.

Afisa akaandika bibi kwenye faili. Na kuanzia pale kikao kikabadilika, maana ikawa sio tena baba dhidi ya mama, ikawa kuna mtoto ambaye ana mama yake, ana baba yake, na ana bibi anayemlaza kifuani, na ukimng'oa kwa bibi ghafla ukampeleka kulala Mbagala kwenye nyumba asiyoijua utakuwa umeshinda wewe ameshindwa yeye. Alituambia pia kitu nilikuwa sikijui, kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 38 hata ndugu aliyekuwa anamtunza mtoto anaweza kwenda mahakamani kuomba haki ya kumuona. Kwa hiyo bibi naye ana mlango wake. Shangazi aliposikia hivyo alikaa vizuri kwenye kiti.

Shangazi ndiye aliyeleta ile hoja ya miaka saba. "Mtoto chini ya miaka saba ni wa mama, sheria inasema, labda afikishe saba ndo baba aje." Hii mmeisikia wote, na upande wa pili wa shilingi mmeusikia pia, mimi rafiki zangu wa kijiweni walikuwa wananiambia tulia mwanangu, akifika saba unamchukua jumla. Afisa alitufungulia sawa sawa na nawaandikia nilivyoelewa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inasema kuna dhana kwamba ni kwa faida ya mtoto aliye chini ya miaka saba kuwa na mama yake, lakini ni dhana ambayo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na mahakama inatakiwa pia iangalie ubaya wa kumyumbisha mtoto kwa kumhamisha hamisha. Sasa hapo hakuna mahali paliposema baba asimuone mtoto. Wala hakuna mahali paliposema siku ya birthday ya saba baba anakuja na begi. Akifika saba hakuna kengele inayolia, kinachoangaliwa ni maslahi ya mtoto, na Sheria ya Mtoto kifungu cha 39 imeorodhesha vitu vya kupima, umri wake, umuhimu wa kuwa na mama, maoni yake mwenyewe, kutotenganishwa na ndugu zake, na mfululizo wa malezi aliyoyazoea. Na kifungu cha 26 ndo kile mimi nilitamani kukikata nikitie kwenye fremu, kwamba wazazi wakitengana mtoto ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine kila anapopenda isipokuwa kama inaingilia masomo yake. Ona hapo, haki ni ya mtoto. Mimi nilienda nikidhani nadai siku zangu, kumbe kisheria tulikuwa tunapanga siku zake.

Baada ya hapo ikaanza ratiba, na hii ndo bidhaa yenyewe ya ustawi kwa maoni yangu, hiki ndicho unachoenda kuchukua pale. Watu wanaipima ustawi kwa hela, ooh alipangiwa elfu hamsini, ooh alipangiwa laki. Mimi naipima kwa karatasi ya ratiba, maana hela mtu mzima anaweza kutuma hata usiku wa manane akiwa Tunduma, siku ya mtoto ikipita imepita.

Tulichoandika ni hivi. Miezi ya mwanzo mtoto anakuja kwangu mchana tu, Jumamosi moja ndiyo moja hapana, jioni anarudi kwa bibi. Akizoea, analala Ijumaa mpaka Jumapili. Mimi nilitaka kulala tangu wiki ya kwanza, mwenzangu alitaka kulala akifika darasa la tatu, afisa akasema kwa mtoto mdogo afadhali mara nyingi na kwa muda mfupi kuliko mara moja kwa muda mrefu, kwa hiyo akatuongezea simu ya video jioni mbili za katikati ya wiki, kabla hajalala, dakika chache, na simu apigiwe bibi maana ndo anakuwa naye saa hizo. Likizo ya Juni na ya Desemba zinagawanywa nusu kwa nusu. Idd Fitri mwaka huu kwa mama, mwakani kwa baba, na Idd ya kuchinja kinyume chake.

Makabidhiano ndipo palipokuwa na akili zaidi. Mimi nilidhani tutaandika nitakuja kumchukua nyumbani. Afisa akauliza ugomvi wenu huwa unaanzia wapi, tukasema getini, akasema basi tuliondoe geti. Ikaandikwa kwamba awamu ya kulala ikianza, Ijumaa namchukua chekechea muda wa kutoka, jina langu na picha vipelekwe kwa mwalimu mkuu kwa barua tuliyosaini wote wawili, na Jumapili saa kumi na moja jioni namrudisha kwa bibi mwenyewe mkononi. Kwa hiyo Ijumaa mimi na mwenzangu hatuonani kabisa. Mtoto anatoka shule kama watoto wengine wanavyotoka, hakuna anayemwona mama analia au baba amekunja sura. Kitu kidogo tu lakini kwangu hicho peke yake ni nyota nzima.

Halafu nguo. Msicheke. Hakuna kitu kinachochoma kina mama kama gauni la kwenda kwa baba lisilorudi, na kikao chetu kilisimama karibu nusu saa kwenye viatu vya shule vilivyobaki kwangu tangu kabla hata hatujafika ofisini. Ikaandikwa: nguo zinazokwenda zirudi, zikiwa zimefuliwa au hazijafuliwa, na baba awe na nguo za mtoto za kwake nyumbani kwake pamoja na mswaki na kandambili. Dawa ya kifua inatembea na begi, maelezo ya vipimo yameandikwa na mama kwa mkono wake kwenye karatasi ndani ya pakiti.

Kipengele kigumu kilikuwa cha mwanamke. Mwenzangu alitaka iandikwe kwamba mtoto asikutane na mwanamke yeyote kwangu. Mimi nikataka iandikwe vivyo hivyo upande wake. Afisa alituacha tukabwatuka kidogo, kisha akasema vifungu vya kuzuiana maisha havikai, mtavivunja wote na mtarudi hapa. Akapendekeza kingine, kwamba yeyote atakayekuwa na mwenza atamjulisha mwenzake kabla mtoto hajamjua, mtoto asilale chumba kimoja na mtu huyo, na hakuna atakayemfundisha mtoto kumuita mtu mwingine baba au mama. Tulisaini. Sijui kama mimi mwenyewe ningeweza kufikiria hilo la mwisho, na ndilo mwenzangu alilolikubali kwa nguvu kuliko yote.

Kuhusu hela ni fupi. Ikaandikwa kiasi, tarehe, na kwamba itatumwa kwa simu ili pawe na kumbukumbu, ada na matibabu makubwa tunagawana. Ila kuna sentensi afisa aliiweka ambayo naomba kila mwenye kwenda aidai: kuchelewa kwa matunzo si sababu ya kumnyima mtoto siku zake, na kunyimwa siku si sababu ya kukata matunzo. Mnaojua haya mambo mnajua kwamba ugomvi mwingi ni huo tu, huyu anashika mtoto mpaka hela iingie, yule anashika hela mpaka mtoto atoke. Tukiwa hapo afisa akatuchekesha, akasema kabla ya hii Sheria ya Mtoto kulikuwa na sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa ambayo kiwango cha juu cha matunzo kilikuwa shilingi mia kwa mwezi, na ilikaa kwenye vitabu mpaka ilipofutwa mwaka 2009. Shilingi mia! Hata mandazi haununui. Shangazi ndiye aliyecheka zaidi, nadhani kuna mtu wake alimkumbuka.

Haya, mabaya sasa, maana yapo.

Faragha hakuna. Chumba kimoja meza mbili, sisi tunajadili mtoto analala na nani, meza ya pili mzee anadai mwanaye anamtelekeza, na wote tunasikiana. Mara mbili niliona mwenzangu anashusha sauti kwa ajili ya watu wale. Kwa mambo kama haya hata pazia tu lingesaidia. Watoto nao hawana pa kukaa, ofisi inayoshughulika na watoto kila siku haina hata mkeka na midoli miwili mitatu kwenye kona, watoto wanasikiliza kesi za wazazi wao mwanzo mwisho na juisi mkononi. Mungu alinisaidia wetu tulimuacha kwa bibi.

Foleni ni ndefu na afisa anaweza kuitwa kituo cha polisi au mahakamani wakati wewe umeshafika, mnarudishwa, tarehe nyingine. Sio kosa lake, ni mmoja na kata ni nyingi, ila aliyeomba ruhusa kazini kwa mbinde hatakuelewa.

Na printa. Printa haikuwa na wino. Makubaliano yetu yaliyoandikwa kwa mkono tukaambiwa tuyapeleke steshenari ya nje yakachapwe, kwa gharama zetu. Sasa muone mimi na mzazi mwenzangu, watu ambao hatujasalimiana vizuri kwa muda mrefu, tumesimama dirishani kwa kijana wa steshenari mwenye hedifoni shingoni, anachapa huku anasoma kwa sauti ili asikosee, "kifungu cha sita, mtoto asilale chumba kimoja na...", anageuka, "hapa mmesema mwenza au mwenzi?" Foleni nyuma yetu wote kimya wanasikiliza kifungu cha saba. Mwenzangu akaanza kucheka, na mimi nikacheka, na huo ndo ulikuwa mwanzo wa kuongea kama watu. Kwa hiyo siwezi kusema hasara, ila serikali nunueni wino.

Kasoro kubwa kuliko zote ni ufuatiliaji. Ukishasaini ukapewa kopi yako, basi, umeshaachiwa. Hakuna anayekupigia mwezi unaofuata kuuliza ratiba inaendaje. Na watu waelewe jambo hili: karatasi ya ustawi sio amri ya mahakama. Mwenzio akigeuka afisa anaweza kumuita tena, kumkumbusha, kumkalisha, ila hawezi kumtuma askari kwa sababu ya Jumamosi. Kwetu ilitokea mara moja, alisafiri na mtoto bila kusema, nikapiga simu ofisini badala ya kwenda getini, afisa akaongea naye kwa simu na wikiendi ikafidiwa iliyofuata. Kwa mtu mwenye nia njema hiyo inatosha. Kwa mtu aliyeamua haitoshi, itabidi uende mahakamani uombe amri ya malezi au ya kumuona mtoto, na hapo faili lako la ustawi linakuwa na kazi, maana mahakama inaweza kumtaka afisa ustawi aandike taarifa ya uchunguzi kuhusu mtoto kabla haijaamua. Dar mahakama ya watoto iko Kisutu, na pale Temeke kuna Kituo Jumuishi cha mahakama kilichoanza 2021 kwa ajili ya mashauri ya familia, ndoa na mirathi. Ukikwama uwezo, msaada wa kisheria upo kwenye mashirika kama TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na LHRC (kituo cha sheria na haki za binadamu).

Msichanganye mambo pia. Ustawi hawatoi talaka. Kama mlifunga ndoa na mnataka kuivunja, hiyo inaanzia baraza la usuluhishi la ndoa, iwe la kata, la BAKWATA kwa Waislamu au la kanisa, mpaka likiri limeshindwa kuwapatanisha ndipo mahakama inapokea. Niliwakuta watu kwenye benchi wamepoteza asubuhi nzima kwa kutojua hilo. Na ninayoyasema ni ya Bara, Zanzibar wana Sheria yao ya Watoto ya 2011 na wana mahakama za kadhi, utaratibu ni mwingine. Majirani Kenya nao wameweka kwenye katiba yao ya 2010 ibara ya 53 kwamba baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto wawe wameoana au hawajaoana, na siku shangazi akiniletea tena ile ya miaka saba nitamtajia.

Nani asiende kukaa kikao cha hivi? Kama kwenye nyumba kuna kipigo, vitisho, au mtoto anaumizwa, usiende kuelewana meza moja na anayekupiga, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, ni bure, ni namba ya kusaidia mtoto.

Kwa wengine wote, hasa akina baba wenzangu mnaotuma hela kila mwezi halafu mnamuona mtoto kwenye status tu, ningesema nendeni, na mkienda msiende na shangazi wa kwenu, mwende na majibu. Jua mtoto wako anakunywa chai na nini, jua jina la mwalimu wake, jua utamlaza wapi na nani atamshika ukiwa kazini Jumamosi asubuhi, maana vyote hivyo utaulizwa na anayejibu bila kubabaika ndiye anayepewa siku. Mimi niliulizwa nywele zitasukwa na nani akiwa kwangu wikiendi nzima. Nilikuwa nimejipanga, kuna dada saluni ya jirani, bei nilikuwa naijua.

Siku nzuri ni katikati ya wiki asubuhi, Jumatatu pale hapakaliki. Nenda na kalamu yako. Kopi fanya za ziada kabla hujafika maana ya mlangoni pale wanakupiga bei. Kwenye makubaliano omba kiandikwe kipengele cha kurudi kuyapitia upya, sisi tumeandika akianza darasa la kwanza. Na namba ya faili ipige picha siku hiyo hiyo, kwa sababu afisa akihamishwa na wewe huna namba, utamhadithia mgeni upya kila kitu tangu mlipokutana.